Mstari wa Kwanza Ulikuwa na Shikamoo

Jumatano, saa kumi na moja jioni. Nyakasimbi. Mawingu yamekaa tangu asubuhi na mvua bado haijaamua.

Nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nyuma ya tanki la maziwa, mwanangu Gonza amelala mgongoni, naandika kwa kidole gumba kimoja. Mguu wa kushoto umekufa ganzi lakini sithubutu kusimama. Nikisimama ataamka, na akiamka sitaandika tena leo.

Kesho asubuhi, kabla ya kupokea maziwa, wafugaji watakaa hapa nje na Mzee Hemedi waamue kama ile kompyuta ndogo iondolewe. Wote wanasema mashine ilidanganya.

Haikudanganya. Ni mimi.

Ngoja niandike tangu mwanzo, maana kichwani mwangu mambo yamechanganyika kama nyuzi. Kama umeingia kwenye ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza, mimi ni Mama Gonza, mzaliwa wa Igurwa, nimeolewa huku. Shule niliishia kidato cha pili. Kazi yangu ni hapa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa: napokea, napima, naandika, naosha keni. Tanki na kituo ni vya Mzee Hemedi mwenye duka pale mjini. Babu yake alitoka Pangani, na yeye mpaka leo anasema Kiswahili chetu sisi wa huku kinatembea kimevaa gambuti. Ananiita mwanangu.

Mwaka huu alimleta fundi kutoka Bukoba akafunga kompyuta ndogo ukutani, ukubwa wake kama kipande cha sabuni ya kufulia. Ndani yake kuna programu moja kubwa, hiyo ndiyo msimamizi. Kila baada ya dakika tano msimamizi anapita kuwauliza wadogo zake, mmoja mmoja: wewe unaonaje? Hao wadogo fundi anawaita plagini. Kila plagini ina kazi moja tu. Moja inapima chaji ya betri. Moja inaangalia nafasi iliyobaki kwenye kumbukumbu. Moja inapima joto la kompyuta yenyewe, maana nayo inapata homa. Plagini inapima, halafu inajibu kwa namba na maneno. Sifuri maana yake salama, moja ni onyo, mbili ni hatari. Na tatu maana yake sijui. Hiyo tatu niliipenda siku ya kwanza. Sikujua kuna mahali mtu anaruhusiwa kusema sijui na asichapwe.

Fundi alinifundisha siku nne. Gonza alikuwa anatambaa chini ya meza anang'ata waya. Lugha yenyewe ni Kiingereza, lakini maneno ya kuanzia hayafiki hata thelathini, mengine unayazoea kama majina ya ng'ombe. Plagini yangu ya kwanza ilikuwa ya betri, mistari kumi na mmoja, na ilipojibu namba sahihi kwa mara ya kwanza nilitoka nje nikaangalia migomba kidogo ndipo nikarudi ndani. Sikumwambia mtu. Vijana wanaoleta maziwa kwa pikipiki walijua wenyewe, wakaanza kuniita Mama Kompyuta, kwa kejeli kwanza, halafu ikabaki hivyo hivyo.

Ya tano ndiyo ya tanki. Hii niliandika peke yangu, fundi akiwa Bukoba, mimi nikimuuliza kwa simu. Kuna kijiti cha kupimia joto kimezama kwenye maziwa. Maziwa yakiingia ni ya moto, yametoka kwa ng'ombe muda si mrefu. Yanatakiwa yaanze kupoa mara moja. Ikipita saa nzima hayajashuka, plagini inajibu mbili, na msimamizi anatuma meseji kwa Mzee Hemedi, maana funguo ya jenereta iko dukani kwake. Ilihamia huko kwa sababu mafuta yalikuwa yanapungua yenyewe.

Sasa nakuja kwenye kosa langu.

Mwanzoni meseji ilikuwa kavu. Ilisema tu: maziwa hayapoi. Siku ya kuijaribu Mzee Hemedi aliipokea akiwa na wateja, akanipigia. Hakugomba, alisikitika. Akasema mashine yangu haina malezi, inamrukia mtu mzima bila hata hodi. Kila asubuhi pia ilikuwa inamtumia taarifa ya kituo, nayo kavu vile vile, namba tupu. Nikaona aibu. Kwa kweli niliona aibu kama vile Gonza amepita mbele ya wageni bila kuamkia. Kwetu hata mtu akipiga simu kuleta habari ya msiba, kwanza mnaamkiana. Umelalaje, wa nyumbani hawajambo, mvua mmepata, ng'ombe wazima. Nzuri, nzuri, nzuri. Halafu ndipo inakuja ile "isipokuwa".

Basi nikaifundisha mashine adabu. Nilikaa na hiyo kazi mchana mzima, na niliipenda. Mstari wa kwanza nikaandika: Shikamoo Mzee Hemedi, habari za kituo ni nzuri, tunamshukuru Mungu. Mstari wa pili nikaandika: Isipokuwa, halafu lile tatizo lenyewe kama lipo. Nikajaribu kwenye kioo cha kompyuta, mistari yote miwili ikaonekana imekaa vizuri. Mzee Hemedi alipopata ya kwanza asubuhi yake alinijibu marahaba mwanangu. Akawa anajibu kila siku. Nilihisi kama tumempata mtoto mwingine mwenye heshima.

Jana ilikuwa siku ya kliniki ya Gonza.

Maziwa yaliingia mapema, tanki likajaa zaidi ya nusu. Nikawaambia vijana waende tu, na mimi nikaenda. Nilisema maneno haya, nayakumbuka, yananichoma: nendeni, kukiwa na shida mashine itasema. Nikafunga mlango, nikambeba mwanangu.

Kliniki kulikuwa na foleni. Nesi alimweka Gonza kwenye mzani, akatia nukta kwenye kadi, na kabla hata hajaniangalia usoni akasema, "Huyu hajaongezeka." Hivyo tu. Nukta ya mwezi huu imekaa sawasawa na ya mwezi uliopita, kama watu wawili wamekaa kwenye benchi. Nilikasirika. Nilitaka aanze kuniuliza habari za nyumbani. Baadaye aliuliza yote, kwa upole kabisa, uji nauchanganya na nini, anaharisha, ananyonya mara ngapi, akasema niongeze karanga na yai, nirudi mwezi ujao. Lakini mimi masikio yalikuwa bado kwenye lile neno la kwanza.

Njiani nilirudi nikilifikiria hilo hilo. Nilipofika karibu na kituo nikaona kimya.

Tanki likifanya kazi lina mngurumo wake, hata barabarani unausikia. Hakukuwa na mngurumo. Umeme ulikuwa umekatika muda mfupi baada ya mimi kuondoka. Nilifungua mfuniko na harufu ikanijia kabla sijainama. Nikatia maziwa kidogo kwenye kikombe na spiriti kidogo, kile kipimo chetu cha kila siku, na yakashikana vipunje vipunje hapo hapo, maana yake yameharibika. Nikarudia. Nikarudia tena kama mjinga.

Gari la kuyachukua lilipokuja jioni dereva hata hakushuka.

Tuliyamwaga. Sijui niandikeje hili. Maziwa ya nyumba zaidi ya kumi yanapita kwenye mfereji yakielekea migombani, meupe kabisa, ukitazama kwa macho huoni kosa lolote. Mzee Katabazi alikuwepo. Huyu ni mfugaji wa upande wa Nyakatuntu, mzee wa kanisa, mtu ambaye ng'ombe wake anawaita kwa majina na wanakuja. Alivua kofia. Alisimama ameishika kifuani mpaka tanki likaisha, halafu akaniuliza taratibu, kwa waitu yetu ya heshima, bila ukali wowote.

"Mlituambia kitu hiki kina mdomo, waitu. Mbona kilinyamaza?"

Mzee Hemedi, aliyekuwa amefika kutoka dukani, akatoa simu akamwonyesha. Akasema meseji ilikuja, tena saa tatu na nusu, na inasema habari ni nzuri. Alidhani ni ile ya asubuhi mtandao umeirudia. Akawasomea wote. Shikamoo Mzee Hemedi, habari za kituo ni nzuri. Mtu mmoja nyuma akacheka kicheko kibaya. Wakakubaliana palepale: mashine ni mwongo, Alhamisi tukae, iondoke.

Na mimi nilisimama hapo na Gonza mgongoni.

Jana nilijidanganya kwamba sijui. Leo asubuhi nikafungua kumbukumbu za msimamizi nikasoma. Kila kitu kipo. Saa tatu na nusu plagini yangu ilijibu mbili. Haikukosea. Kijiti kilipima vizuri, saa ilihesabiwa vizuri, namba ilitoka vizuri. Mistari miwili ilitoka. Meseji ikaenda na mmoja.

Nikampigia fundi. Akanieleza bila kunisema vibaya kwamba meseji inabeba mstari wa kwanza peke yake, mingine inabaki ndani ya mashine kwa ajili ya anayekuja kusoma. Akaniuliza kama hakuniambia. Nikasema sikumbuki.

Lakini nilikumbuka. Nilifungua daftari langu. Siku ya tatu ya mafunzo, ukurasa wenye alama ya ndizi ya Gonza, kwa mwandiko wangu mwenyewe: mstari wa kwanza tu ndio unaosafiri. Na nimepigia mstari chini. Kumbe nilijua, nikasahau siku ile nilipokuwa nashughulika na shikamoo.

Nikae na siri hii moyoni? Hilo ndilo nililojiuliza kutwa nzima. Hakuna mwingine anayejua kusoma hizo kumbukumbu. Nikinyamaza, mashine itang'olewa, fundi atalaumu mtandao, mimi nitabaki naosha keni na kuitwa Mama Gonza kama zamani. Siyo maisha mabaya. Nikisema, sijui. Namba tatu.

Na lipo wazo lingine, baya zaidi, naliandika ili litoke. Nilitaka kusema ni Mzee Hemedi aliyedai salamu. Ni kweli alidai. Ningeweza kulisema hilo kwa sauti ya upole kabisa, nikainamisha macho, na wazee wangenielewa.

Mchana nikaamua kwanza nirekebishe, kuamua mengine baadaye. Nikaufuta mstari wa kwanza. Vidole vilikuwa vizito, naapa, kama namvua mtu nguo. Nikaandika, iende kukiwa na hatari tu: MAZIWA HAYAPOI. LETA FUNGUO YA JENERETA. Salamu nikaishusha mstari wa pili, haisafiri tena, lakini ipo. Sikuweza kuifuta kabisa.

Nikaongeza na namba yangu, meseji ije kwangu pia. Hilo nalo lilikuwa la siku nyingi, nililiahirisha tu.

Halafu nikajaribu. Maziwa ya leo ni kidogo, wengi hawakuleta, na yamepoa vizuri. Nikakiosha kile kijiti nikakitumbukiza kwenye kikombe cha Gonza chenye maji ya moto, na ile saa moja ya kusubiri nikaipunguza ikawa dakika moja, kwa jaribio tu. Simu yangu ikalia. Mstari wa kwanza, wote, mbele ya macho yangu. Nikambusu Gonza kisogoni nikaanza kumlisha uji wenye karanga, moyo umetulia kwa mara ya kwanza tangu jana.

Sikumwambia Mzee Hemedi kwamba ni jaribio.

Yaani nimeandika hapo juu kwamba meseji inakwenda kwake. Nilijua inakwenda kwake. Nilisahau vile vile nilivyosahau kule kwingine.

Haikupita nusu saa nikasikia bodaboda inaingia kwa kasi mpaka karibu na mlango. Mzee Hemedi akashuka, kandambili za aina mbili, moja ya kijani na moja ya bluu, kibandiko cha bei kimemganda kwenye mkono wa kanzu. Funguo ya jenereta ameishika mbele kama mtu anayekimbiza kuku. Hakunisalimia. Akaenda moja kwa moja akaweka kiganja kwenye tanki. Akakiacha hapo. Akageuka, akaona kikombe cha plastiki chenye picha ya sungura, na waya umeingia ndani yake.

"Mwanangu," akasema. "Maziwa haya ni ya baridi kama kisima."

Nikapiga magoti, kijiko cha uji bado mkononi. Nilipanga maneno mengine kabisa, yalikuja haya tu. Nikamwambia mashine haikudanganya jana. Nikamwambia ilisema kweli, mimi ndiye niliyeificha kweli nyuma ya salamu. Nikamwonyesha daftari, ule mstari wenye ndizi. Nikamweleza ule wa pili ulibaki wapi. Sikumtaja yeye. Nilikuwa nataka kumtaja na sikumtaja, hilo nashukuru.

Alikaa kwenye hii ndoo niliyokalia mimi sasa. Dereva wa bodaboda akachungulia akarudi nje. Mzee akatoa simu yake akasoma meseji ya leo, midomo inacheza, akasoma ya jana, akarudi kwenye ya leo.

"Hii ya leo nimeisoma nikaacha mteja kashika mzani wangu," akasema. "Ya jana niliijibu marahaba nikaendelea kupima mchele."

Akarudisha simu mfukoni.

"Na shikamoo niliidai mimi."

Nikasema hapana mzee. Akanikatiza kwa mkono. Akasema kesho niwaambie wafugaji mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, si yeye kwa niaba yangu. Akasema nianze na hilo hilo kabla ya kitu kingine chochote, maana nikianza kwa kuamkia wazee wote pale nitaamkia mpaka ujasiri uishe. Na kwamba na yeye analo la kwake, atalisema baada yangu. Kuhusu kazi yangu hakusema kitu. Kuhusu mashine alisema hiyo si yake peke yake kuamua, maziwa yalikuwa ya watu.

Alipofika mlangoni ndipo akatazama miguu yake. Akasema, "Astaghfirullah, hata viatu," akaondoka.

Funguo ya jenereta ameiacha. Imetundikwa kwenye msumari juu ya kichwa changu. Sijui ameisahau au ameiacha makusudi, na naogopa kuuliza.

Sasa nimebaki na kesho. Naona sura ya Mzee Katabazi na kofia yake. Hajawahi kupita mbele yangu nisimwamkie, hata siku moja, hata nikiwa na keni mbili mikononi. Nimewasimulia watoto wa shangazi zangu kwamba mtu asiyeamkia hana alichojifunza duniani. Nitasimamaje mbele ya mtu mzima nianze na lawama yangu kama vile namtupia ndoo ya maji?

Nimejaribu kwa sauti ya chini. Mara nne. Kila nikifungua kinywa, shikamoo inatangulia yenyewe, haingoji ruhusa.

Nakumbuka yule nesi. Jana nilimwona katili. Lakini leo Gonza amekula karanga, na asingesema vile, mimi ningerudi nyumbani nimefurahi na kadi yangu.

Tone la kwanza limepiga bati. Gonza amejigeuza, karibu ataamka. Nimechukua daftari, ukurasa mpya, nimeandika vile nitakavyosema.

Mstari wa kwanza: Maziwa yenu yaliharibika kwa kosa langu mimi, si la mashine.

Mstari wa pili: Shikamooni wazee wangu.

Mstari wa tatu nimeuacha wazi. Huo si wangu kuandika, ni wa wafugaji.